Injini Isilalie Sampu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kufungasha Vipuri Vikubwa vya Magari

Ndugu mhariri, nauza injini zilizotumika. Injini ya petroli ya silinda sita niliyoituma kwa lori na meli ilifika sampu, bakuli la oili la chini, imebonyea na kava la juu limepasuka. Niliifunga kwenye paleti kwa mikanda miwili iliyokazwa sana, nikaizungushia nailoni safu nyingi. Nilikosea wapi? — Muuza injini

Ndugu yetu, kwa maelezo yako mikanda ilipita juu ya kava, na uzito wote ukakalia sampu. Kila ulipokaza racheti uliongeza mzigo kwenye sehemu mbili zilizo dhaifu kuliko zote: plastiki ya juu na bati la chini. Lori likiingia kwenye shimo, mzigo huo huongezeka ghafla, na sampu ndiyo inayoupokea. Usilichukulie bonyeo hilo kuwa doa la sura tu. Ndani ya sampu, milimita chache kutoka chini, kuna mdomo wa bomba linalovuta oili kwenda kwenye pampu. Bati likiinuka kidogo huuziba, na beringi zinakufa kwa kukosa oili. Mwambie mnunuzi aivue sampu na kuikagua kabla ya kuiwasha injini hiyo.

Injini ibebwe pale inapobebwa ndani ya gari: kwenye mauntingi za pembeni na kwenye flanji ya nyuma inayokutana na giaboksi. Hayo ndiyo maeneo yaliyotengenezwa kuhimili uzito wake.

Anza na vimiminika. Mwaga oili, kisha rudisha bolti ya sampu na washa yake. Vua chujio la oili, kwa sababu hubaki na oili inayodondoka kwa siku nyingi, na uzibe mahali pake. Maji ya kupoozea hayatoki yote kwa kufungua hosi za rejeta. Bloku ina bolti yake ya kumwagia, na ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Mabomba ya petroli yakaushwe na kuzibwa. Injini yenye mabaki ya petroli husafirishwa kama mzigo wa hatari, chini ya namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hiyo, UN 3528, na msafirishaji akisikia harufu ya mafuta kwenye injini iliyoandikwa kuwa kavu ana sababu ya kuikataa.

Matundu yote yazibwe: ya hewa, ekzosi, maji, mafuta, na ya tabo kama ipo. Kwa matundu madogo vifuniko vya plastiki vinavyoingia kwa kubana vinatosha. Kwa makubwa, kata plaiwudi ya milimita 6 uifunge kwa bolti za manifoldi, ukiweka gasketi ya zamani chini yake. Tambara halifai hata kidogo. Hunyonya unyevu likaugandamiza kwenye chuma, na baya zaidi husahaulika ndani. Siku injini inawashwa, linavutwa hadi kwenye vali au kwenye tabo. Tepu peke yake nayo huachia mara gundi inapokutana na oili.

Sasa kitako. Laza mbao tatu za sentimita 10 kwa 10 sambamba, uache nafasi ya uma za foklifti kati yake. Juu yake pigilia plaiwudi ya milimita 18 au mbao za milimita 25 zilizobanana. Kisha weka mihimili miwili ya kuvuka, mmoja chini ya mauntingi na mwingine chini ya flanji ya nyuma, yenye kimo kiasi kwamba sampu inabaki inaelea angalau sentimita 3 juu ya sakafu. Kitako kizidi injini kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande. Kitu chochote kinachochomoza nje ya kitako kitagongwa na paleti ya jirani, hilo halina mjadala, kwa hiyo vua feni, olteneta na sensa zilizo pembeni, uzifunge kwenye boksi lake.

Injini ishikwe kwa bolti. Tumia anglaini nne, yaani vyuma vya umbo la L, zilizofungwa kwenye matundu ya mauntingi na ya flanji, kisha bolti za milimita 12 zipite kwenye mihimili na sakafu hadi chini, zikiwa na washa pana na nati za kujifunga. Skurubu za mbao hushika vizuri siku ya kwanza, ila mtikisiko wa safari hupanua matundu yake hadi zinachomoka kwa mkono.

Mikanda miwili ya racheti yenye upana wa milimita 50 ni ya kusaidia bolti. Ipite kwenye masikio ya kunyanyulia injini, isiguse kava, hosi wala nyaya, na iteremke kwa mwinuko mkali. Mkanda uliosimama nyuzi 45 kutoka sakafuni hutumia takriban asilimia 70 ya nguvu yake kuvuta chini. Ukilala hadi nyuzi 30, inabaki nusu tu. Usifunge fundo kwenye mkanda ulio mrefu mno, kwa sababu fundo hupunguza sana uimara wake.

Kwa nini bolti na mikanda yote hiyo? Mwongozo wa kupakia mizigo uliotolewa mwaka 2014 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya IMO, ILO na UNECE unataka mzigo wa barabarani uhimili msukumo wa mbele wa 0.8 ya uzito wake, na 0.5 kwa pembeni na nyuma. Baharini, penye mawimbi makubwa, msukumo wa pembeni unafika 0.8. Injini ya kilo 200 basi itasukuma kwa kilo 160, tena na tena, kwa siku nyingi. Nailoni haishiki nguvu hiyo hata ikizungushwa safu 20. Kazi yake ni vumbi na matone. Kipuri kizito kiwe kitu kimoja na kitako chake. Sponji au godoro chini ya injini huongeza tu nafasi ya kuchezea.

Ukimaliza, sukuma injini kwa mikono kwenye sehemu yake ya juu kabisa. Paleti nzima ndiyo itikisike. Injini ikicheza peke yake juu ya paleti, kazi irudiwe.

Giaboksi ya otomatiki niliyoagiza ilifika haina mkwaruzo, lakini baada ya kufungwa kwenye gari ilipiga kelele na gia hazikuingia. Fundi anasema pampu ya ndani imevunjika. Safari inaweza kuvunja pampu bila kugusa nje? — Mwenye gari

Safari ilitega mtego, na kufunga bolti ndiko kulikovunja. Tokikonveta, lile gurudumu zito kwenye mdomo wa giaboksi, haishikwi na bolti yoyote upande wa giaboksi. Imeingizwa tu kwenye shafti na kwenye meno ya pampu. Giaboksi ikiinamishwa au kutikiswa sana, tokikonveta husogea mbele sentimita moja au mbili na kuachana na pampu. Kwa macho inaonekana iko mahali pake. Fundi anapokaza bolti za kuunganisha na injini, anaisukuma kwa nguvu juu ya gia ya pampu, na gia inavunjika kabla gari halijawashwa.

Anayetuma anaweza kulizuia hili kwa kipande kimoja cha chuma bapa, upana milimita 30 na unene milimita 5, kilichovuka mdomo wa giaboksi na kufungwa kwenye matundu mawili ya bolti yanayotazamana. Chuma hicho kiiguse tokikonveta. Hatuoni sababu ya kutuma giaboksi ya otomatiki bila chuma hicho.

Anayepokea naye asiamini macho. Weka rula ndefu kwenye uso wa mdomo wa giaboksi, upime kina hadi kwenye matundu ya bolti za tokikonveta, ulinganishe na kitabu cha ufundi cha gari hilo. Ikiwa haijaingia vizuri, izungushe taratibu huku ukiisukuma. Utaisikia ikishuka kwa hatua mbili au tatu. Baada ya giaboksi kukutana na injini, na kabla ya kufunga bolti za tokikonveta, lazima ibaki nafasi ya milimita chache kati yake na bamba la injini, nayo izunguke kwa mkono. Nafasi isipokuwepo, simama hapo hapo, ufungue.

Mengine ni mepesi. Mwaga oili, ziba tundu la nyuma inakotoka propela shafti kwa kifuniko kinachobana, funika soketi ya umeme, na laza giaboksi ilivyokaa garini. Bakuli lake la oili nalo ni bati, kwa hiyo lisikalie sakafu. Giaboksi ya gia za mkono isisimamishwe juu ya shafti yake ya kuingilia. Difu, gia ya ekseli inayogawa nguvu kwenye magurudumu, ikalishwe kwenye vitalu viwili vya mbao vilivyokatwa umbo la V chini ya mirija ya ekseli, karibu na ncha zake, mkanda mmoja juu ya kila mrija. Tundu lake la kupumulia lizibwe, maana difu ikiinama oili iliyobaki hutokea humo, na mpokeaji akumbushwe kwa maandishi kulizibua.

Bampa langu lina kilo 8, lakini kampuni ya ndege imenitoza kilo 90. Je, nimeibiwa? — Mteja wa vipuri

Hapana. Mizigo ya ndege hulipiwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6000. Boksi la 180 kwa 60 kwa 50 ni sentimita za ujazo 540,000, yaani kilo 90. Kampuni nyingi za vifurushi hugawa kwa 5000, na hapo ingekuwa kilo 108. Kwa meli, mzigo usiojaza kontena huhesabiwa mita moja ya ujazo sawa na tani moja, kwa hiyo bampa hulipa kwa nafasi linayochukua.

Usijaribu kupunguza gharama kwa kulikunja. Plastiki iliyokunjwa ndani ya kontena lenye joto hupoa ikiwa na umbo hilo, na ikiwa imepakwa rangi, rangi hupasuka kwenye kona. Punguza kimo kwa kuvua taa na grili, na ukate boksi lifuate mkunjo wa bampa badala ya kutumia la pembe nne kubwa.

Natengeneza bodi za magari. Boneti na milango ninayopokea hufika na alama za duara kwenye rangi, na vioo vya mbele hupasuka kimoja kati ya vichache. Vifungashwe vipi? — Fundi wa bodi

Alama za duara zinatokana na ile plastiki ya viputo iliyogusa rangi ambayo haijakauka sawasawa. Rangi ya gari huendelea kutoa mvuke wa kemikali kwa wiki kadhaa baada ya kuonekana kavu. Joto likipanda, viputo hujichora juu yake. Kinachogusa rangi kiwe sponji nyembamba laini ya kufungia, na viputo vije juu yake, vikitazama nje.

Vipuri hivi vinataka kinyume cha injini: ni vyepesi, vipana na vinakunjika, kwa hiyo vishikwe kwenye matundu yake ya bawaba na vielee bila kuguswa na chochote. Tengeneza fremu ya mbao ndani ya sanduku, ufunge boneti kwa bolti zake zenyewe kwenye fremu hiyo, ikiwa imesimama. Ikilazwa, mtu ataweka mzigo juu yake; tusidanganyane kwamba kibandiko cha “usiweke kitu juu” kinatosha. Acha sentimita 5 kila upande. Pale ambapo fremu inakaribia bati, weka sponji ngumu ya polithini isiyonyonya maji. Sponji ya godoro haifai: ikibanwa inakwisha yote, ikilowa inakaa na maji juu ya rangi. Vipande vidogo vya kujazia boksi navyo si vya kazi hii, kwa kuwa kipuri huvipita polepole hadi kikagusa chini.

Mlango usimame kwa ukingo wake wa chini, kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma kimevuliwa na kufungwa peke yake.

Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, na udhaifu wake uko kwenye kingo. Chembe moja ya mchanga chini ya ukingo inatosha kuanzisha ufa. Kisimamishwe, kamwe kisilazwe, kikiegemea kidogo kwenye fremu yenye sponji. Chini kikalie pedi mbili za mpira, kila moja robo ya urefu kutoka kwenye pembe, na pembe zenyewe zisiguse mbao. Hata namna sanduku linavyowekwa kwenye lori ina maana: ukingo wa kioo utazame mbele ya lori, ili breki ikipigwa kioo kisukumwe kwa urefu wake na kisipindwe tumbo. Chora mshale mkubwa nje ya sanduku wenye maneno “mbele ya gari”. Ukinunua kioo kilichotumika, mabaki ya gundi ya zamani yasawazishwe kabla ya kufungwa, kwani uvimbe wa gundi hubana sehemu moja.

Vipuri vyangu vilivyofungwa vizuri kwa nailoni hufika na kutu vikitoka baharini, ingawa kontena halivuji. Maji yanatoka wapi? — Mwagizaji

Yalikuwemo tangu siku ya kufunga mlango. Mchana kontena hupata moto, unyevu wa mbao na maboksi unageuka mvuke. Usiku bati la juu linapoa, mvuke unakuwa matone na kudondoka. Mbao mbichi ndizo chanzo kikubwa. Tumia mbao kavu, unyevu chini ya asilimia 20, na usipakie paleti iliyonyeshewa.

Nailoni uliyoifunga kotekote ilifungia ndani hewa yenye unyevu. Una njia mbili. Ya kwanza: funika juu na pembeni tu, chini paachwe wazi pumzi ipite. Ya pili, iliyo bora kwa safari ndefu: mfuko mzito uliozibwa kabisa, ndani yake karatasi ya kuzuia kutu na mifuko ya silika jeli inayonyonya unyevu. Silika jeli kwenye mfuko ulio wazi ni pesa ya bure, inajaa unyevu wa kontena zima ndani ya muda mfupi. Nyuso zilizochongwa, diski za breki na shafti zipakwe oili ya kuzuia kutu kwanza. Kwa injini, mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila tundu la plagi, zungusha kranki kwa mkono mara mbili, rudisha plagi.

Sanduku langu lilizuiwa bandarini kwa sababu ya mbao. Kosa ni nini? — Msafirishaji mdogo

Mbao ghafi zinazovuka mipaka huongozwa na kanuni ya ISPM 15 inayozuia wadudu wa miti. Njia ya kawaida ni kuzipasha moto hadi kiini cha mbao kifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha hupigwa muhuri wenye alama ya ngano, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi HT. Plaiwudi haihitaji muhuri, wala mbao zenye unene wa milimita 6 au chini. Wengi hukamatwa kwa kipande kimoja: paleti ina muhuri, lakini kabari na mihimili waliyoongeza wenyewe haina. Kila kipande kihesabiwe.

Nataka kutuma kabini ya lori ndani ya kontena la kawaida. Itaingia? — Karakana ya malori

Pima kabla ya kulipia. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Kabini nyingi za malori makubwa zina karibu mita 2.5, hazipiti. Zitahitaji kontena bapa lisilo na kuta za pembeni, au kuvunjwa vipande. Kabini ndogo inayopita isimamishwe kwenye mauntingi zake juu ya mihimili, na ifungwe kwenye pete za sakafu ya kontena, ambazo kila moja hukadiriwa kubeba kilo 1000. Pete za juu ni nusu ya hapo. Zisitumike kuzuia uzito.

Nauza dashibodi kamili na betri za magari ya haibridi. Kwa nini mawakala wananikimbia? — Mbomoa magari

Kwa sababu baadhi ya hivyo ni mizigo ya hatari na huenda huvitaji hivyo. Dashibodi au usukani wenye eabegi, pamoja na mikanda ya viti inayojikaza kwa baruti, huingia kwenye namba UN 3268. Vua eabegi, uitume peke yake kwa mtu mwenye kibali, na dashibodi itabaki mzigo wa kawaida. Nguzo za gesi za boneti ni UN 3164. Betri ya asidi yenye maji ni UN 2794: isimame wima, ncha zake za umeme zifunikwe zisigusane na chuma.

Betri ya lithiamu, UN 3480, hairuhusiwi kwenye ndege za abiria kama mzigo tangu Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo kifurushi kwa kawaida hakizidi kilo 35, kikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Betri kamili ya gari mara nyingi huvuka uzito huo, kwa hiyo njia yake ni meli, kwa tamko la mzigo wa hatari lililojazwa na mtu aliyefunzwa. Iliyovimba, iliyogongwa au iliyotoka kwenye gari lililopata ajali mbaya haipandi ndege kabisa. Na hata kwa meli ina masharti yake mazito, hivyo muulize msafirishaji kwanza na umpe picha za betri na za gari lilikotoka kabla hujaigusa kuifungasha.